Wachimbao Vito Safarini, na Jiwe Lililorudishwa

Mwezi uliopita tulifikiwa na mgeni ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu. Tulimsomesha juzuu ya Amma alipokuwa mtoto mdogo, na leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, anayeishi Marekani kwa ajili ya kazi. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, aliketi barazani, akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha jiwe, kiasi cha kiganja cha mkono, chekundu na cha manjano, chenye pete ndani ya pete kama shina la mti lililokatwa kwa msumeno. Akasema, "Maalim, hii ni zawadi yako. Zamani ulikuwa mti, na sasa ni jiwe."

Tulimshukuru, kisha tukamwuliza, kama tulivyokuwa tukiwauliza wote walipokuwa wakituletea maembe madrasani: "Umelipata wapi, na kwa ruhusa ya nani?" Hakukasirika. Alicheka, akatoa stakabadhi ya duka alikolinunua, akasema, "Nilijua utaniuliza, Maalim, ndiyo maana nikaitunza karatasi hii. Lakini liko jiwe jingine lililonifundisha kuitunza, nalo lina kisa chake." Basi tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu khabari hiyo, kwani ina elimu ya mambo ya ulimwengu, na ina mazingatio kwa kila mwenye watoto.

Yapasa kwanza tueleze safari zenyewe. Marekani ni nchi pana, na watu wengi huko, khasa waliostaafu kazi, na wazazi wakati wa likizo za shule, husafiri kwa magari yaliyofanywa nyumba. Mengine ni kama basi zima, na mengine ni nyumba ndogo yenye magurudumu ikokotwayo nyuma ya gari. Ndani mna vitanda, jiko, choo, tangi la maji na taa. Sisi tutaliita gari-nyumba. Mwenye gari hilo hana haja ya hoteli. Hulala popote alipofika, maadamu mahali hapo pana ruhusa ya kulala. Na katika wasafiri hao wako wengi ambao safari yao ni ya kufuata mawe. Huchimba akiki katika bonde hili, wakavuka mlima ule wakachekecha mchanga kutafuta yakuti, na jioni hurudi garini wakiwa na matope magotini, wakaosha katika karai walichookota, wakakitazama kwa mwanga wa taa.

Huenda msomaji akadhani kuwa hii ni kazi ya wenye tamaa ya utajiri. Nasi tulidhani hivyo. Lakini mgeni wetu alitwambia kuwa wengi wao hutumia katika petroli zaidi ya thamani ya mawe yao yote, nao walijua hilo kabla hawajaondoka kwao. Mtu hufurahi kushika mkononi kitu kilichokaa gizani tangu zama za kale, na watoto hufurahi zaidi yake.

UWANJA WA ALMASI

Safari ya jamaa hawa ilianzia jimbo la Arkansas, karibu na mji mdogo wa Murfreesboro. Hapo, mwezi wa Agosti 1906, mkulima mmoja aitwaye John Huddleston aliokota katika shamba lake vijiwe viwili vilivyong'aa, na vilipopimwa vikaonekana kuwa ni almasi. Aliuza shamba hilo kwa dola 36,000. Waliojaribu kuchimba baada yake kwa ajili ya biashara hawakupata faida ya kudumu, na mwaka 1972 mahali hapo pakafanywa bustani ya jimbo, iitwayo Crater of Diamonds. Ardhi hiyo ni mdomo wa volkano ya kale iliyozileta almasi juu kutoka chini sana, miaka ipatayo milioni 100 iliyopita.

Eka 37 za uwanja huo hulimwa kwa trekta mara kwa mara ili udongo ugeuke. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, hulipa kiingilio, akaingia na jembe na chekeche, na almasi aipatayo ni yake, iwe ndogo au iwe kubwa. Wako watumishi wa bustani wayajuao mawe, nao humtambulia mtu mawe yake bila malipo. Kando yake pako mahali pa kuegesha magari-nyumba, penye maji na umeme.

Njia za kutafuta ni tatu. Ya kwanza ni kutembea polepole baada ya mvua kubwa, jua likiwa limetoka, na kutazama chini. Kwani matope hayashiki juu ya almasi, nayo hung'aa peke yake. Ya pili ni kuchekecha udongo ukiwa mkavu. Ya tatu ni kuosha mchanga majini ndani ya chekeche na kulizungusha, ili mawe mazito yakusanyike chini katikati. Kisha hupinduliwa kwa mara moja, na yaliyokuwa chini yakawa juu, na hapo ndipo jicho hufanya kazi. Vyombo vya mota na vya betri haviruhusiwi, na mtu hawezi kwenda nacho nyumbani mchanga uliokwisha kuchekechwa zaidi ya ndoo moja ya galoni 5 kwa siku.

Tangu mwaka 1972 zimeokotwa humo almasi zaidi ya 33,000. Iliyo kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana Marekani ilitoka katika ardhi hiyo mwaka 1924, nayo ikaitwa Uncle Sam. Uzito wake ulikuwa karati 40.23, na kwa kuwa karati 5 ni gramu 1, almasi hiyo iliyovuma ulimwenguni ilikuwa na gramu 8 tu. Mwezi wa Januari 2024 mgeni aliyetoka Ufaransa aliokota hapo almasi ya rangi ya kahawia yenye karati 7.46. Lakini almasi nyingi za hapo hazizidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na wengi waingiao hutoka bila hata moja.

Jamaa zetu walikaa siku tatu, na almasi hawakuipata. Walipata vijiwe vya yaspi na akiki, na mtoto wao wa mwisho, mvulana wa miaka tisa, alijaza mifuko yake miwili. Walimruhusu, kwani palikuwa na ruhusa. Angalia neno hilo, ewe msomaji, kwani litarudi.

JANGWA LA QUARTZSITE, NA KABURI LA HAJI

Kutoka hapo walielekea magharibi mpaka jimbo la Arizona, katika mji uitwao Quartzsite, ulio jangwani karibu na mto Colorado. Wenyeji wake ni watu elfu chache tu. Lakini ufikapo wakati wa baridi, maelfu kwa maelfu ya magari-nyumba hutoka pande za kaskazini zenye theluji, yakatanda jangwani kama mahema ya msafara, na mwezi wa Januari na Februari hufanywa hapo masoko makubwa ya mawe. Mtu huona meza juu ya meza za akiki, feruzi na mawe yasiyokatwa bado.

Jangwa linalozunguka mji huo, sehemu yake kubwa ni ardhi ya umma chini ya serikali ya Marekani. Huko hakuna uzio wala kiingilio cha kuokota. Sheria yamruhusu mtu kuokota mawe kwa kiasi, kwa matumizi yake mwenyewe, pasipo kuyauza. Ama miti iliyogeuka mawe, kipimo chake kimetajwa wazi: ratili 25 na kipande kimoja juu yake kwa siku, na kwa mwaka mzima zisizidi ratili 250. Yakatazwa watu kuunganisha vipimo vyao ili wabebe gogo moja kubwa lipitalo ratili 250. Aidha, wako watu wenye haki za uchimbaji zilizoandikishwa katika baadhi ya sehemu, na alama zao zikionekana, mpita njia hana ruhusa ya kuchukua madini yao.

Katika mji huo iko khabari itakayowafurahisha wasomaji wetu. Katika makaburi ya Quartzsite limejengwa piramidi la mawe, na juu yake umesimamishwa mfano wa ngamia. Hapo amezikwa mtu ambaye Wamarekani humwita Hi Jolly. Jina hilo ni Haji Ali, lililopotoka katika ndimi zisizolizoea. Alizaliwa katika nchi za Shamu zilipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na mwaka 1856 alifika Texas pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani ili wachukue mizigo katika majangwa ya huko. Mwaka 1857 ngamia hao walitumika katika msafara wa kupima njia mpaka mto Colorado, na waliustahimili ukame kuliko nyumbu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, mpango huo uliachwa. Haji Ali alibaki huko, akafanya kazi nyingi, na miongoni mwazo kutafuta madini jangwani. Alifariki mwaka 1902, na piramidi hilo likajengwa mwaka 1935. Mgeni wetu aliwasimamisha watoto wake hapo, akawasomesha Fatiha.

Katika jangwa hilo yule mvulana aliokota tena, na baba yake akampimia, akamwambia, "Hiki ndicho kiasi chetu." Akatii.

MSITU ULIOGEUKA MAWE

Katika kurejea walipita kaskazini mashariki ya jimbo hilohilo la Arizona, penye hifadhi ya taifa iitwayo Petrified Forest. Miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita miti mikubwa iliangukia mitoni hapo, ikafunikwa na mchanga na majivu ya volkano. Maji yaliyopita ardhini yalichukua silika, madini yafanyayo mchanga, yakaitia ndani ya mti chembe kwa chembe, hata mti ukawa jiwe na umbo lake likabaki. Chuma na madini mengine yakautia rangi: nyekundu, manjano, zambarau. Mahali hapo palianza kulindwa na taifa mwaka 1906, na mwaka 1962 pakafanywa hifadhi kamili. Humo hairuhusiwi kuchukua hata kipande kilicho kama punje ya mtama.

Mlangoni walielezwa sheria hiyo, na baba akawakariria watoto. Walitembea, wakastaajabu, wakapiga picha. Walipokuwa wakitoka, mlinzi aliwauliza kama wamechukua kitu chochote. Baba akajibu, "Hatukuchukua." Naye alisema alilolijua.

Nje ya hifadhi yako maduka yauzayo mawe ya namna hiyohiyo, yaliyochimbwa katika mashamba ya watu binafsi kwa halali. Hapo ndipo baba aliponunua kipande kilichotufikia sisi. Kisha wakaenda mashariki maili zipatazo 200, wakalala nje ya mji wa Albuquerque.

Usiku wa pili, baada ya Isha, mvulana alianza kulia kitandani. Mama yake alidhani ana homa. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kijiwe kisichozidi komwe ya bao, chekundu. Alikiokota njiani ndani ya hifadhi, akakitia katika soksi.

Wazazi walitoka nje kushauriana. Mama alisema kitumwe kwa posta, na hilo lilikuwa shauri jema. Kwani watu wengi hufanya hivyo. Tangu miaka ya 1930 hifadhi hiyo imekuwa ikipokea mawe yaliyochukuliwa, pamoja na barua za majuto. Baadhi ya waandikao husema kuwa tangu walipolichukua jiwe hilo walipatwa na maradhi na mikosi. Baba naye alihesabu petroli. Kwenda na kurudi ni maili 400, na fedha za safari zilikuwa zimebaki kidogo. Waliporudi ndani wakiwa wamekubaliana juu ya posta, mtoto alimwuliza baba yake, "Baba, wewe ulimwambia yule mlinzi kwamba hatukuchukua. Sasa nani atamwambia kwamba tulichukua?"

Mgeni wetu alitwambia kuwa swali hilo lilimkalia kifuani mpaka alfajiri. Neno lake lilikuwa limekuwa uongo pasipo yeye kujua, na sasa anajua. Baada ya sala waliiacha nyumba ya magurudumu kambini pamoja na mama na mabinti, na baba na mwana wakarudi kwa gari peke yake.

Mlinzi waliyemkuta alimsikiliza mtoto mpaka mwisho, akampa mkono, akamshukuru. Mtoto akasema kwamba apakumbuka mahali alipokiokota, na angependa kukirudisha hapo. Mlinzi akamweleza kwa upole kuwa haiwezekani. Wataalamu husoma mahali jiwe lilipolala kama tusomavyo ukurasa wa kitabu. Na likiisha kuondolewa, hakuna awezaye kuthibitisha kuwa limerudi palepale, na kulitupa popote ni kuandika uongo katika ukurasa huo. Kwa hiyo mawe yote yaliyorudishwa huwekwa pamoja kando ya njia ya watumishi, na rundo hilo huitwa rundo la dhamiri. Mtoto alikiweka kijiwe chake juu ya meza. Njiani hakusema neno kwa muda mrefu.

MAZINGATIO YETU

Tulipoisikia khabari hii tulitafakari mambo mawili.

La kwanza ni kuwa toba humtaka mtu arudishe alichokichukua kwa mwenyewe, na hilo watoto wetu wote wanalisoma. Lakini viko vitu ambavyo mkono waweza kuvirudisha, na pahala pake pasirudi. Basi aliyerudisha amefanya wajibu wake, naye ana heri. Ila aliyejizuia tangu mwanzo ameokoa kisichorudi. Nao wako wengi. Wakuu wa hifadhi hiyo walipozilinganisha picha za zamani na hali ya leo, waliona kuwa sehemu nyingi zingali zimejaa mawe kama zamani, kinyume cha ilivyodhaniwa.

La pili latuhusu sisi wazee. Mgeni wetu alikiri kuwa kosa lilianza kwake. Alimruhusu mwanawe kuokota Arkansas, akampimia Quartzsite, akamkataza katika hifadhi, na mara zote tatu hakumweleza sababu. Machoni pa mtoto jiwe ni jiwe. Hukumu ilibadilika kwa sababu mwenye ardhi na idhini yake vilibadilika. Arkansas mwenye ardhi amesema, lipa uchukue. Jangwani amesema, chukua kwa kipimo. Katika hifadhi amesema, tazama na uache. Mtoto akatazwaye pasipo kuelezwa hujifunza kuficha. Na mtoto aelezwaye kuwa kila kitu kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana idhini yake, atajua la kufanya hata mahali ambapo baba yake hayupo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani, au wenye jamaa huko, ambao huenda wakapenda safari ya namna hii, tumekusanya haya machache kutoka kwa mgeni wetu.

Kabla ya kuchimba, ulize ardhi ni ya nani: ya mtu binafsi, ya jimbo, au ya taifa, na kama ni ya mtu, pata ruhusa yake kwa maandishi. Usidhani kuwa jangwa lisilo na uzio halina mwenyewe.

Ukinunua ndoo ya mchanga wa kuosha, kama ziuzwazo katika milima ya North Carolina karibu na mji wa Franklin, ulize kama mchanga ni wa asili au umetiwa mawe yaliyoletwa kutoka kwingine. Namna zote mbili huuzwa. Hakuna ubaya ikiwa muuzaji amesema kweli, wala ikiwa wewe nawe utasema kweli utakapowaonyesha watu ulichokipata.

Vaa miwani ya kukinga macho upasuapo mwamba, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa, kwani vumbi la silika hudhuru mapafu. Usiingie katika mashimo ya migodi ya zamani, hata kwa hatua moja. Chukua maji zaidi ya unayodhani yatatosha. Usitie mkono chini ya jiwe usilopaona chini yake, kwani huko kuna nge, na nyoka wenye manyanga mkiani. Na usiegeshe gari katika korongo kavu, kwani mvua ya mbali huleta mafuriko ya ghafla.

Jua uzito ambao gari lako limeruhusiwa kubeba. Mawe huongezeka kidogo kidogo, na gurudumu hupasuka kwa mara moja.

Ama ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, wasichukue jembe kwa kuisoma makala hii. Kwetu madini yaliyo ardhini yamo katika mikono ya serikali kwa niaba ya wananchi, na achimbaye hana budi kuwa na leseni. Huo nao ni mlango wa idhini, na aupitie mwenye kutaka.

Kile kipande tulichopewa tumekiweka madrasani, juu ya rafu ya misahafu midogo ya watoto. Kila mwanafunzi mgeni hukishika, akashangaa kwamba kilikuwa mti. Nasi humwonyesha na ile stakabadhi, tukamsomea tarehe na bei.